Krismasi kwa Hesabu ya Nairuzi

"Akija sasa hivi, atakukuta unafanya nini?"

Mama aliniuliza hivyo nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko lake, kisiwani Ngumi, nimeshika kalenda iliyochapwa Mogadishu, kidole changu juu ya tarehe niliyokuwa nimekuja kumwonyesha. Aliyetarajiwa kuja ni Yesu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa sheria, na nilizoea kuwa na jibu la kila kitu, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Nilitazama kidole changu, nikatazama chungu cha jogoo kilichokuwa kikitokota.

Tulikuwa nyumba moja ya Wakristo katika kisiwa cha Waislamu. Wazazi wa mama walikuwa watumwa waliotoroka wakaishi bonde la mto Juba, na mama alilelewa na wamisionari wa Kiprotestanti upande wa Kismayu. Akaolewa na seremala, na seremala huyo akaja Ngumi kutengeneza mashua moja iliyopasuka mkuku, gogo la chini linalobeba chombo. Akapewa ya pili, akapewa ya tatu, mwisho akajenga nyumba. Muda si mrefu Waitaliano waliwaambia wale wamisionari wafungashe, kwa kuwa hawakuwa wa kanisa lao. Shule ikafungwa, na barua zikakoma. Nilipokuwa na miaka sita baba alikufa kwa homa. Mama akabaki kisiwani na mimi, na miaa ya kusukia mikeka, na Biblia iliyoliwa na mende kuanzia Mwanzo mpaka katikati ya Kutoka.

Alimngoja Bwana kama watu wengine wanavyomngoja mgeni aliyetuma habari kwamba yuko njiani. Sisemi kwamba alikaa akitazama mawingu. Alikuwa na kazi nyingi. Kungoja kwake kulikuwa katika namna alivyozifanya. Kitu cha kuazima hakikulala kwake. Akiazima chekeche asubuhi, jioni kimesharudi, kimeoshwa, na kina unga kidogo ndani wa shukrani. "Sitaki Bwana anikute na chekeche cha mchu," alikuwa akisema, maana kisiwani kwetu mtu ni mchu. Kisiwa kizima kilijua, na kilimpenda kwa hilo kwa sababu zisizo za kidini kabisa: hakuna mkopaji bora kuliko anayeamini kwamba dunia inaweza kwisha kabla ya magharibi.

Ugomvi pia haukulala. Akikosana na mtu asubuhi, saa tisa alikuwa mlangoni kwake. Mara nyingine alikwenda kuomba radhi akiwa bado na hasira, akaiomba kwa sauti ya kutukana. Mke wa Malim, jirani yetu na shoga yake mkubwa, alikuwa akimwambia, "Shoga, subiri upoe kwanza." Mama akajibu, "Nikisubiri nipoe, parapanda italia nikiwa kwangu nimenuna."

Malim mwenyewe ndiye aliyeshika hesabu ya siku kisiwani. Alikuwa mzee mwembamba aliyeongoza vyombo mpaka macho yalipomchoka. Mwaka wa mabaharia huanza siku ya Nairuzi, na siku zake huhesabiwa kwa makumi. Kila kumi ni mwongo mmoja, na mwongo huitwa kwa hesabu ya siku yake ya mwisho. Kwa hesabu hiyo watu wetu walijua lini bahari inafunga, lini inafungua, lini kasa wanapanda mchangani. Wamisionari walipoondoka na kalenda zao, mama alimwendea Malim na ukurasa wa mwisho aliobaki nao, akamwambia, "Siku hii kwetu ni kubwa. Nitafutie mahali pake katika hesabu yako." Malim akahesabu, akamwambia ni siku ya tano ya mwongo wa mia na hamsini. Tangu hapo mama alisherehekea Krismasi siku ya tano ya mwongo wa mia na hamsini.

Nilikulia ndani ya hesabu hiyo na sikuihoji, jambo la ajabu, maana nilihoji mengine yote. Nilimwuliza mwalimu wa shule ya Kismayu kwa nini tuimbe wimbo wa nchi yake asubuhi na wetu tusiuimbe kabisa. Nilimwuliza padri wa shule hiyohiyo kwa nini Mungu alihitaji siku sita. Nilimwuliza mama, nikiwa na miaka kumi na mitatu, Yesu anachelewa nini. Mwalimu alinichapa, padri alicheka, mama akasema, "Mwulize mwenyewe, akija utakuwa wa kwanza kwenye mstari."

Mogadishu ndiko nilikoacha kuamini. Halikuwa tukio kubwa. Nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa ushahidi, somo la jinsi ya kumtambua shahidi wa kweli, na nikaona kwamba sina shahidi hata mmoja. Nilifunga daftari, nikala chakula cha mchana, na sikuhuzunika.

Wakati huo kila mtu nchini alikuwa akingoja mwisho wa aina fulani. Waitaliano walikuwa wamepewa miaka kumi tu ya kuisimamia nchi, na tarehe ya kuondoka kwao ilijulikana. Vijana wa chuo tulizihesabu siku kwa furaha. Lakini Wakristo wachache waliobaki Kismayu na mtoni walizihesabu kwa hofu. Mwinjilisti wao, aliyewahi kusoma shule moja na mama, alianza kuandika orodha ya wanaotaka kuvuka mpaka wahamie pwani ya Mombasa kabla bendera haijashushwa. Aliniandikia mimi Mogadishu. "Mama yako hanijibu," alisema katika barua. "Wewe ni msomi. Mlete."

Nikaamua kumleta. Sikuamini utabiri wa mwinjilisti, lakini niliamini hofu yake. Nilijua vilevile kwamba mama hatahama kwa hofu. Kilichomfunga pale kilikuwa imani, na nikafikiri kwamba nikiilegeza imani, mama mwenyewe atalegea. Ndipo nikakumbuka hesabu ya Malim. Nilikaa maktaba nikapiga hesabu kwenye karatasi. Mwaka wa Nairuzi una siku mia tatu sitini na tano, basi. Hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne. Miaka ishirini na minne ilikuwa imepita tangu mama apewe siku yake. Kwa hiyo alikuwa ametoka nje ya tarehe kwa siku sita. Yule mwanamke aliyekuwa akijiweka tayari kila saa hakujua hata leo ni lini.

Nilifurahi, sitaficha. Nilinunua kalenda mpya yenye picha ya bandari, nikapanda lori la kwenda Kismayu, nikapata mashua ya kuvukia.

Nilifika tarehe kumi na tisa ya Desemba na kumkuta mama akipika karamu ya Krismasi.

Jogoo alikuwa chunguni. Mkate wa mofa ulikuwa umebandikwa tanurini. Mke wa Malim alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na aliponiona alipiga vigelegele, kisha akanitazama viatu. "Wallahi, mtoto wa watu amerudi na miguu ya Kizungu! Vua, vua, utatuharibia mchanga."

"Umefika siku yenyewe," mama akaniambia, mikono imejaa unga. "Nilijua utafika siku yenyewe."

Ningeweza kungoja wageni waondoke. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikungoja. Nadhani nilitaka mashahidi. Nikatoa kalenda.

"Mama, leo si Krismasi."

Mke wa Malim aliweka nazi chini.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa. Mwaka wa jua, siku ya nyongeza, miaka ishirini na minne, siku sita. Wakati nasema, Malim mwenyewe aliingia na sinia la tende alilotumwa na mkewe. Akasikiliza wima. Nilipomaliza akaomba kalenda, akaisogeza karibu kabisa na pua.

"Siku hii ya nyongeza mnaitia wapi?"

"Februari, Malim."

"Nani aliyeruhusu?"

"Kaisari wa Roma ndiye aliyepanga, zamani, kisha Papa akairekebisha."

"Aha." Akanirudishia. "Basi hata siku zetu Muitaliano amezishika."

Mkewe akaangua kicheko, lakini Malim hakucheka. Alimgeukia mama kwa adabu, kama mtu anayekiri kwamba ameharibu chombo cha mwenzake. "Hesabu yangu ni ya pepo na samaki. Ulinitaka nikutafutie siku, nikakutafutia. Sikujua kwamba siku yenyewe inatembea. Nisamehe."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri. Alichomoa mkate mmoja, akaupuliza, akaweka kwenye ungo, akachomoa wa pili. Nilimtazama mgongo wake nikawaza: imekwisha, atakuja. Na wakati huohuo nilitaka kukimbia. Sikuwahi kuuona mgongo ule ukiwa kimya hivyo.

Kisha akageuka.

"Kwa hiyo nimetangulia."

"Umekosea, Mama."

"Umesema ya kweli inakuja baada ya siku sita. Basi nimetangulia. Na miaka minne mbele?"

"Utakuwa umetangulia siku saba."

"Na huko chuoni wamekufundisha kwamba kuwahi ni dhambi?"

"Si suala la dhambi. Ni suala la ukweli. Siku hii haina kitu! Ni Alhamisi tu."

"Mimi namngoja mchu ambaye hakutaja siku," mama akasema, na sasa alikuwa amesimama. "Hakutaja kwa makusudi. Ungenikuta nimechelewa siku sita ningelia hapa, mbele ya watu wote hawa. Lakini kuwahi? Niko tayari kila siku, na hii nimeongeza jogoo." Akafuta mikono kwenye kanga. "Wewe umetoka Mogadishu kwa lori siku tatu ili usimame jikoni kwangu uniambie hivyo. Akija sasa hivi, atakukuta unafanya nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama mwanzoni mwa habari hii.

Aliyeniokoa ni mke wa Malim. "Atamkuta ana njaa," akasema. "Lete huo mkate. Siku iwe yake isiwe yake, jogoo ameshakufa."

Tukala. Mama alisoma kuzaliwa kwa Yesu kutoka kwenye Biblia iliyoliwa, kwa sauti ya juu kuliko kawaida, na aliponitazama juu ya kurasa niliinamisha kichwa. Haikuwa sala.

Kesho yake mwinjilisti akaja na orodha. Alikuwa mtu mzuri, mnene, mwenye jasho jingi, na mashua ilikuwa imemchafua tumbo. Mama alimpa chai ya tangawizi na akamwacha apumzike kabla ya kumruhusu aseme. Alisema kwa muda mrefu. Ishara zote zimetimia, alisema. Vita vimepita, njaa imepita, sasa mataifa yanagawana nchi. Waitaliano wakiondoka mlango utafungwa. Bwana mwenyewe aliwaonya watu wake kwamba siku hiyo wakimbilie milimani.

"Ngumi hakuna mlima," mama akasema.

"Dada, ni mfano."

"Na Mombasa upo?"

Mwinjilisti akanitazama mimi, akitaka msaada. Nilimpa. Nilisema yote niliyokuja kusema: kwamba simhofii Malim wala mkewe, nawahofia tusiowajua, watakaokuja na bendera mpya na hasira za zamani. Kwamba mimi mwenyewe naipenda bendera hiyo na bado naogopa. Kwamba Muitaliano, kwa ubaya wake wote, ni mlinzi, na mlinzi huyo anaondoka.

"Amenilinda lini?" Mama hakupandisha sauti. "Alifunga shule yangu. Aliwafukuza walionilea. Baba yako alipokufa, Muitaliano alikuja kuchimba? Waliochimba ni watu wa kisiwa hiki. Hawakujua tunazikaje, wakaniuliza, nikawaonyesha kwa mkono kichwa kiwe upande gani, na wakafanya kama nilivyosema. Unataka nikimbie kutoka kwa hao, nimkimbilie nani?"

"Utabaki peke yako," mwinjilisti akasema. "Hakutakuwa na ibada, wala wa kukuzika."

"Ndugu yangu, umekuja hapa mara ngapi toka shule ifungwe?"

Akapangusa jasho. "Mbili. Na leo."

"Basi upweke huo naujua, hautanishangaza." Akammiminia chai nyingine. "Nikuulize mimi sasa, maana katika nyumba hii kila mtu siku hizi anauliza. Unasema Bwana yuko karibu, pengine kabla ya bendera. Na unasema umeshapata nyumba Mombasa."

"Ndiyo. Vyumba viwili."

"Umelipia?"

"Nimelipia."

"Kama anakuja kabla ya bendera, vyumba viwili vya nini?"

Sikuwahi kumwona mtu mzima akikosa mahali pa kuweka uso wake namna ile. Nilikuwa karibu kucheka. Ilikuwa hoja niliyotamani kuitoa mwenyewe. Ndipo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Watoto wangu ni wadogo, dada."

Na mama, aliyekuwa amekaa wima kama anayemhoji mwizi, akalegea mabega.

"Basi sema ni watoto," akamwambia. "Kwa watoto, nenda. Ningekuwa na wadogo, na mimi ningekwenda. Nitakuombea bahari nzuri. Lakini usimsingizie Bwana. Yeye hakukwambia uhame. Ni wewe unaogopa, na kuogopa si kosa. Kosa ni kuandika jina lake juu ya hofu yako."

Mwinjilisti alilia kidogo. Kisha akafungua orodha, akapiga mstari juu ya jina la mama, kwa upole, kama anayefunika mtu shuka.

Mimi sikuwa mpole. Tulipobaki wawili na mama nilimwita mkaidi. Nilimwambia kwamba anaifia hadithi, kwamba anakaa kumngoja mtu ambaye hatakuja, na kwamba watakaokuja ni wengine. Aliendelea kushona ukili kwenye mkeka, sindano ikipanda na kushuka, mpaka nikaishiwa.

"Umesema yote?"

"Ndiyo."

"Unafikiri nakaa kwa sababu nina hakika atakuja lini. Sina. Wewe ndiye unayetaka hakika." Alikata uzi kwa meno. "Alisema atakaporudi atawakuta watumishi wake kazini. Kazi yangu iko hapa. Mkeka huu ni wa arusi ya binti wa watu. Shoga yangu mgongo unamwuma, namchotea maji. Nikiacha hayo nikakae Mombasa chumba cha mtu, nitakuwa nangoja kweli, kama anayengoja lori. Huko si kungoja kwangu. Na mwisho ukija, uwe wa Bwana au wa bendera, nimekwisha kuamua unikute wapi. Sasa nishikie upande huu, unakwenda kombo."

Nikaushika. Nilikuwa na hasira hata mikono ikawa inauma, lakini nikaushika mpaka mshono ukafika mwisho.

Siku mbili baadaye niliondoka na mwinjilisti. Mama alinisindikiza mpaka maji ya magoti, akanitia mkononi mkate wa mofa uliofungwa kwenye jani, akarudi bila kugeuka, kwa sababu alikuwa na chekeche cha kurudisha.

Bendera ilishushwa, nyingine ikapanda. Nilikuwa masomoni Italia, nikishangilia mbele ya redio na wenzangu. Mwinjilisti alifika Mombasa na watoto wote. Mama hakuguswa na mtu. Aliishi Ngumi miaka mingine saba, akafa asubuhi moja kwa maradhi ya kawaida ya wazee. Hakuna aliyekuja kwenye mawingu. Sikuirudia imani yake, na sitajifanya nimeirudia ili habari hii imalizike vizuri. Ninachoweza kusema ni kwamba sikubali tena mtu aniambie watu kama yeye waliikimbia dunia. Nimewajua walioikimbia. Wengi wao hawakuamini chochote, kama mimi, na walikuwa na mizigo mizito.

Miaka mingi baadaye, nikiwa wakili, kesi ya mpaka wa shamba ilinipeleka kwenye ofisi moja Kismayu yenye makabati ya vitabu vya zamani vya serikali. Nilikuwa nikitafuta jina la mtu mwingine kabisa. Kitabu kilikuwa cha wapiga kura, cha uchaguzi wa kwanza ambao wanawake waliruhusiwa kupiga kura. Kwenye ukurasa wa visiwa kulikuwa na jina la mama, alama ya dole gumba lake, kazi yake ya kusuka mikeka, na mahali pa makazi karani ameandika kwa Kiitaliano: ya kudumu. Tarehe ilikuwa siku tisa baada ya mimi kuondoka. Shahidi aliyetia sahihi kwamba ni mkaazi wa Ngumi ni Malim.

Mama alikuwa mwanamke wa pili kwenye ukurasa ule. Wa kwanza alikuwa mke wa Malim.